KIZURI CHAJIUZA? MUULIZE KIJANA WA MASOKO



Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii umeisikia mara nyingi. Leo tuifikirie pamoja, wewe na mimi.

Karoti ya Mgeta ni nzuri. Imekua katika hewa ya baridi ya Milima ya Uluguru. Lakini karoti haina miguu. Haiwezi kuteremka mlima peke yake. Haiwezi kupiga simu Dar es Salaam. Haiwezi kumwambia mnunuzi, "Hapana, bei hiyo haitoshi." Lazima awepo mtu wa kuyafanya hayo. Asipokuwa mkulima mwenyewe, atakuwa mtu mwingine. Na huyo mwingine atatazama faida yake kwanza.

MIMI NI NANI

Mimi ni kijana wa kazi ya masoko mkoani Morogoro. Kazi hii niliisomea Mzumbe, chuo kilicho chini ya milima yetu. Sasa natembelea vikundi vya wakulima. Sina duka wala lori. Nina simu, kalamu, daftari na mizani ya kuning'iniza.

Siku moja, huko Nyandira, nilimkuta mzee mmoja ameketi kando ya njia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia wewe ni mtu wa masoko. Unauza nini?"

"Siuzi kitu, babu. Nawatafuta wanaotaka kununua. Nawauliza wanataka nini, kiasi gani, na lini. Kisha nakuja kuwaambia ninyi."

Mzee akacheka. "Basi wewe ni mshenga!"

Nami nikacheka, maana alisema kweli. Mshenga haoi wala haolewi. Kazi yake ni kuzikutanisha nyumba mbili zielewane. Mshenga mwongo huvunja ndoa. Mtu wa masoko akiwa mwongo, huvunja biashara.

MILIMA YETU INA MALI

Ukitoka Morogoro mjini, ukapita Mzumbe na Mlali, utapanda mpaka Mgeta. Huko ni upande wa magharibi wa Uluguru, katika Wilaya ya Mvomero. Hali ya hewa ni ya baridi. Wakulima wamekata matuta kwenye miteremko na kuchimba mifereji ya maji. Kwa hiyo hulima hata mvua isiponyesha. Wanapata kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo na maharage. Wanapata pia mapichi na stroberi.

Upande wa mashariki ni mwingine. Huko kuna Kinole, Mkuyuni, Tawa na Matombo. Kuna joto na mvua zaidi. Huko utakuta ndizi, magimbi, nanasi na viungo: karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga. Kinole ndiko makao ya Chifu Kingalu wa Waluguru. Soko Kuu la Morogoro mjini, lililozinduliwa mwaka 2021, limepewa jina lake.

Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 190 tu. Jiji lile lina mamilioni ya watu. Wote wanakula kila siku. Basi wanunuzi wapo. Tatizo letu ni kukutana nao kwa mpango.

SIKU YANGU YA KAZI

Simu yangu huanza kulia saa kumi na moja alfajiri. Wakati huo malori yamefika Dar es Salaam, na wafanyabiashara wa jumla wako kazini katika masoko kama Ilala na Buguruni. Mimi huwauliza mambo matatu.

Kwanza, bei ya leo ni kiasi gani?

Pili, mzigo ulioingia ni mwingi au ni mdogo?

Tatu, wateja wamelalamikia nini?

Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa. Bei hubadilika kila siku. Lakini lalamiko la mteja hukufundisha. Mteja akisema, "Karoti zenu zimevunjika," najua kwamba tulizifungasha vibaya. Akisema, "Njegere zimenyauka," najua kwamba zilivunwa mapema mno kabla lori halijaja.

Majibu yote nayaandika katika daftari. Siyaweki kichwani. Kichwa husahau, na kikisahau hubahatisha.

UZA KABLA YA KUPANDA

Watu wengi hudhani kuuza huanza siku ya gulio. Sivyo. Kuuza huanza kabla ya kupanda.

Tazama kabichi. Kila mtu akipanda wiki moja, kila mtu atavuna wiki moja. Njia zote zitajaa kabichi. Bei itaanguka, na nyingine zitaozea shambani. Mwezi unaofuata kabichi zitakuwa adimu, na bei itapanda. Lakini wewe huna tena cha kuuza.

Kikundi kinaweza kuepuka jambo hilo. Wanachama wakae, wagawane wiki za kupanda. Huyu apande leo, yule apande baada ya wiki mbili, mwingine baada ya mwezi. Hivyo kila wiki kutakuwa na mzigo wa kuuza. Mnunuzi wa mjini hupenda sana jambo hilo. Hataki kuja mara moja na kurudi mikono mitupu mara tatu.

Chukua mfano wa Ramadhani. Katika mwezi huo watu wengi wa Morogoro na Dar es Salaam hutafuta vyakula vya futari. Magimbi, ndizi, mihogo na viazi vitamu hununuliwa kwa wingi. Magimbi na ndizi zinatoka kwetu. Lakini Ramadhani haikai mahali pamoja katika kalenda. Kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11. Aliyeuza vizuri mwaka huu asihesabu tarehe ileile mwakani. Achukue kalenda, atafute Ramadhani ijayo, kisha ahesabu miezi kurudi nyuma. Mwezi atakaoufikia ndio wa kupanda.

Hiyo ndiyo kazi ya masoko. Ni kusoma kalenda kabla ya kushika jembe.

LUMBESA NI HASARA

Sasa chukua kalamu, ndugu msomaji. Tufanye hesabu.

Lumbesa unaijua. Gunia likijaa, huongezwa mzigo mwingine juu ya mdomo wake, kisha hufungwa kwa kamba au wavu. Gunia linakuwa na kichwa kama kichuguu. Bei inabaki ya gunia moja.

Tuseme gunia la karoti la kilo 100 linanunuliwa kwa shilingi 60,000. Kila kilo ni shilingi 600.

Mnunuzi anakuja na lumbesa. Ndani yake mnaingia kilo 140. Anakulipa shilingi 60,000 zilezile. Je, amekupunja kiasi gani?

Kilo zilizozidi ni 40. Zidisha 40 kwa 600. Unapata shilingi 24,000.

Ukiuza lumbesa 10, umepoteza shilingi 240,000. Fedha hizo zingelipa ada na sare za mtoto, au zingenunua mbegu na mbolea za msimu mwingine. Na hakuna aliyekuja usiku kukuibia. Umezitoa mwenyewe mchana, ukasema ahsante.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, iko upande wako. Gunia la mazao lisizidi kilo 100, na mazao yauzwe kwa kupimwa. Wanaosimamia sheria hiyo ni Wakala wa Vipimo. Lakini mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi humruka na kwenda kwa jirani. Jirani akikubali, sheria imebaki kwenye karatasi. Kwa hiyo mizani lazima iwe ya kijiji kizima. Kataeni pamoja.

USIMLAUMU DALALI KABLA YA KUHESABU

Wakulima huniambia, "Mwanangu, kabichi tunaiuza shilingi 300, na Dar es Salaam inauzwa shilingi 1,000! Madalali wanatumaliza."

Neno hilo lina ukweli, lakini si wote. Tuhesabu tena kwa mfano.

Kabichi shambani: shilingi 300.
Kubeba hadi barabarani: 50.
Nauli ya lori: 200.
Ushuru na kupakua: 50.
Zinazoharibika njiani: 100.
Dalali: 100.
Muuzaji wa rejareja: 200.
Jumla: shilingi 1,000.

Tazama vizuri. Katika mfano huu dalali amepata 100. Nauli imekula mara mbili yake. Kuharibika kumekula sawa na dalali. Basi ukimfukuza dalali tu, bado hujapona. Lakini kikundi kikijaza lori zima kwa pamoja, nauli ya kila kabichi itapungua. Mkifungasha vizuri, zitakazoharibika zitapungua. Fedha hizo zitarudi kwenu bila kugombana na mtu.

Madalali waaminifu wapo. Wanawajua wanunuzi, na wanauza mzigo upesi kabla haujaoza. Dalali mbaya ni yule anayejua bei peke yake. Nguvu yake ni kutojua kwako. Siku utakapojua bei, atakuwa mtumishi wako kama watumishi wengine.

Kuhusu ushuru, kumbuka hili. Mwaka 2017 Serikali ilitangaza kufuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani 1 unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kabla ya kusafirisha, muulize mtendaji wa kijiji utaratibu wa sasa. Na kila unapolipa, dai stakabadhi.

CHAGUA, PANGA, KAUSHA

Mnunuzi hulipa kwa macho kwanza. Ukichanganya karoti nene na nyembamba, nzima na zilizopasuka, atalipa bei ya zile mbaya. Zitenge. Kila daraja liwe na bei yake.

Nyanya zisijazwe kwenye gunia. Ziwekwe kwenye matenga au makasha, zisibanane.

Kwa wenzetu wa Kinole na Matombo, jambo kubwa ni kukausha. Karafuu isianikwe juu ya udongo. Ianikwe juu ya mkeka au turubai safi. Karafuu iliyokauka sawasawa huvunjika ukiikunja. Isiyokauka hupinda, na ikihifadhiwa huota ukungu. Mnunuzi wa viungo hunusa kabla ya kuuliza bei. Akinusa ukungu au moshi, maneno yako yote hayatasaidia.

NINAYOYAWAZA JIONI

Jioni, nikishuka mlima, huwa nawaza. Wenzangu niliosoma nao wengi wako mijini. Wanatangaza soda, sabuni na vocha za simu. Bidhaa hizo zina nyimbo redioni na picha kubwa barabarani. Zinafika mpaka kijiji cha mwisho Uluguru. Soda hupanda mlima kwa lori, na mwenye duka anajua bei yake kamili. Ndizi huteremka mlima kichwani mwa mama, na mama huyo hajui atalipwa ngapi.

Nimewaona kina mama hao. Wanaanza safari giza halijaondoka, mikungu iko kichwani, na njia ina utelezi. Wakifika barabarani wamechoka. Mnunuzi anawangoja hapo. Anajua kwamba hawawezi kuirudisha mikungu mlimani. Bei inapangwa na uchovu wa shingo zao.

Vijana wengi wa milimani wanaliona jambo hilo. Wanaacha jembe na kwenda mjini. Hatuwezi kuwalaumu kwa maneno matupu. Kijana atabaki shambani akiona kwamba shamba linalipa. Na haliwezi kulipa kama tunajua kulima lakini hatujui kuuza.

Basi mama hao wafanye nini? Wauze kwa kikundi. Wapige simu kwanza, kabla ya kukata mikungu. Wamuulize mnunuzi wa mjini na mwenzake, maana bei ya mtu mmoja si bei ya soko. Wakubaliane bei mikungu ikiwa bado mgombani. Mkungu ulio mgombani unaweza kungoja siku mbili. Mkungu ulio barabarani hauwezi.

DAFTARI LAKO

Wewe unayesoma gazeti hili una silaha tayari. Unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Nunua daftari moja. Piga mistari, uandike mambo haya kila unapouza:

1. Tarehe.
2. Zao.
3. Kilo ngapi. Andika kilo, siyo gunia.
4. Bei ya kilo moja.
5. Gharama zote: mbegu, mbolea, vibarua, kubeba, nauli, ushuru.
6. Kilichobaki mfukoni.

Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuambia mwezi gani bei ilikuwa nzuri, na zao gani lilikutia hasara. Hakuna dalali atakayeweza kubishana nalo.

Kizuri chajiuza, ndiyo. Lakini kisipopimwa na kuandikwa, chajiuza kwa bei ya mnunuzi. Nakutakia kazi njema, ndugu msomaji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwenu mazao huuzwa kwa kilo au kwa gunia? Nani aliamua hivyo?

2. Gunia la viazi la kilo 100 linauzwa shilingi 50,000. Mnunuzi amechukua lumbesa ya kilo 130 kwa bei hiyohiyo. Mkulima amepoteza shilingi ngapi?

3. Ramadhani ijayo itaanza mwezi gani? Mngepanda nini, na lini, ili muuze wakati huo?

4. Kikundi chenu kinaweza kununua mizani kwa njia gani, na nani angeitunza?