Gunia Linaloweza Kungoja Bei

Mwezi wa Saba, mahindi yakiwa yamefurika sokoni, mkulima huuza debe kwa bei ya kutupa. Ikifika Februari, mkulima huyohuyo hununua debe lilelile kwa bei iliyopanda. Wengi humlaumu kwamba hana subira. Wanamwonea. Anauza mapema kwa kuwa anamjua dumuzi.

Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Nchini Tanzania alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakambandika jina Scania. Chukua punje alizopitia, zibane kwa vidole: zinabaki ganda na vumbi. Kungoja bei huku dumuzi yumo kihengeni ni kungoja hasara.

Kinga ipo, nayo haihitaji dawa. Ni mfuko wa tabaka tatu, uliobuniwa kuhifadhi kunde Kameruni na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya kiroba. Kila tabaka linakamuliwa hewa, linasokotwa na kufungwa peke yake. Wadudu waliomo humaliza hewa iliyobaki, kisha hufa.

Ila mfuko haukaushi mahindi, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Punje mbichi huota ukungu wenye sumukuvu, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: tia punje kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu, tikisa, uache itulie robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Bado kuna deni. Mwenye kudaiwa mbolea hawezi kungoja Februari hata awe na mifuko kumi. Sheria ya stakabadhi ghalani ya mwaka 2005 inaruhusu mazao yaliyo ghalani yawe dhamana ya mkopo, lakini mwenye magunia matano kijijini ni nadra kuifaidi peke yake. Vyama vya ushirika vikusanye magunia hayo madogomadogo, hasa ya akina mama, viyakopee kwa pamoja. Na wewe unayevuna sasa, kagua mfuko kabla ya kuujaza: tundu moja dogo linatosha kumpa dumuzi pumzi.