Ukivuna asali yote, Julai utanunua sukari

Salgaa unaijua, hata kama hujawahi kushuka pale. Ni ile senta ya matrela ukitoka Nakuru kuelekea Eldoret, ambapo madereva wa kwenda Malaba hulala, chai inachemka usiku kucha, na kila mwenye gari anashika breki kwa sababu ya ile sifa mbaya ya mteremko. Nikikuambia nafuga nyuki hapo utacheka. Wote hucheka. Lakini ingia ndani kama kilomita mbili kutoka barabarani, kwa shamba la shosho, utakuta mizinga mitatu imening'inia kwa waya kati ya miti. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu niache chuo muhula wa tatu. Karo iligoma, na mimi nikagoma.

Leo nataka tuongee kuhusu Julai, kwa sababu ndiyo mwezi ulionifunza adabu.

Mwaka wangu wa kwanza nilivuna Machi, kabla mvua ya masika haijashika. Nilikuwa na deni la nyumba Nakuru mjini, miezi miwili, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kupiga simu asubuhi na jioni. Kwa hivyo nilipofungua ile mizinga sikuona nyuki, niliona kodi. Nilikata kila sega lililokuwa na asali. Mengine yalikuwa na majana, wale watoto wa nyuki weupe kama mchele uliovimba, nikayakata pia. Nikauza kwa marafiki, nikalipa deni, nikapost picha. Likes zikamiminika. Nilijiona bosi.

Halafu ikafika Julai. Kama umekulia Nairobi au Mombasa, baridi ya huku huijui vizuri. Usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi, mchana unaanza kunyesha kabla hujaanua nguo. Siku moja nilienda kuangalia mizinga nikasikia kimya. Mmoja ulikuwa mtupu kabisa. Hakukuwa na nyuki waliokufa, hakukuwa na vita, masega makavu tu na buibui ameshaanza kujenga. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa na nyuki wa kujaza kofia moja, wamejikunyata kwenye kona.

Nilimwita mzee jirani, mtu aliyefuga nyuki tangu kabla mimi sijazaliwa. Hata hakufungua mzinga. Alishika upande mmoja, akaunyanyua kidogo, akauachilia.

"Mwepesi," akasema. "Kijana, uliwaachia nini?"

"Mzee, lakini kila mahali ni kijani. Si wangejitafutia?"

Akanionyesha shamba la mahindi la shosho, lile linaloanza pale mizinga inapoishia. "Hiyo kijani ni yako wewe na ugali wako."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho wengi wetu tunaotoka mjini hatukioni. Mwezi wa saba eneo la Rongai lote ni mahindi, na mahindi yakitoa mbelewele nyuki huenda kweli. Ila wanachopata hapo ni chavua tu, ule unga wa kulishia majana. Mahindi hayana nekta, na bila nekta hakuna asali. Kwa hivyo wewe unaona shamba limeshiba, nyuki anaona jangwa lenye rangi nzuri. Miti ambayo ingemsaidia, kama migunga, haichanui kwa kufuata kalenda yako. Na hata ua likiwepo, asubuhi ya baridi na mvua nyuki hatoki. Joto likishuka karibu na nyuzi 10 misuli yake ya kurukia inakataa.

Akibaki ndani bado anakula. Tena anakula sana, kwa sababu majana yanahitaji joto la kama nyuzi 34 au 35 usiku na mchana. Nyuki hawana jiko. Wanatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, joto linatoka mwilini mwao, na mafuta ya hiyo injini ni asali. Sasa fikiria mtu amekuja Machi akabeba tangi lote la mafuta. Mtu mwenyewe ni mimi.

Kabla ya kumwita yule mzee nilikuwa nimezama kwenye video za wafugaji wa nchi za theluji. Wanafunika mizinga kwa makoti, wanaweka vibao vya sukari ndani, wanangoja miezi. Karibu nichukue blanketi ya shosho. Lakini nyuki wa kule na wa kwetu wana akili tofauti. Nyuki wa Ulaya wakati wa baridi wanajikusanya kama mpira, malkia katikati, na wanakula akiba hadi maua yarudi. Kundi moja linaweza kumaliza kilo 20 za asali. Hawana pa kwenda, nje ni barafu. Nyuki wetu wa Afrika akiona njaa hangoji kufa. Anakula kilichobaki, anaacha kuzaa, kundi lote linatoka siku moja na malkia wao na kuhamia kwingine. Waogiek wa msitu wa Mau walilijua jambo hili zamani, ndiyo maana wao wenyewe walikuwa wakihama kupanda na kushuka mlima kufuata misimu ya asali. Mimi nilitarajia nyuki wangu wakae kwa sababu mzinga ni wangu.

Haya, lile kundi la kofia moja tulilinusuru kwa sukari. Nitakueleza tulivyofanya, na usiruke hatua.

Sukari ni nyeupe ya kawaida ya dukani. Sukari nguru na ile ya kahawia ziache, zina vitu vinavyowaharisha nyuki waliofungiwa ndani. Asali ya dukani ya mtu usiyemjua pia usiwape, inaweza kubeba ugonjwa wa kuua majana. Chemsha maji lita moja, zima moto, ndipo umimine kilo mbili za sukari ukikoroga hadi iyeyuke. Usiendelee kuichemsha. Sukari ikiungua inageuka sumu kwao. Kwenye video nyingi utaona sukari na maji sawa kwa sawa. Hiyo ni ya kuwahimiza wazae wakati maua yanakaribia kufunguka. Wakati wa baridi wape nzito, kwa sababu maji yote ya ziada lazima wayakaushe wao, na hawana nguvu za kupoteza.

Chombo ni sahani ndogo au kopo la jemu lililokatwa, ndani umeweka vijiti vya kusimamia. Siku ya kwanza sikuweka vijiti. Asubuhi nilitoa nyuki waliozama kwa kijiko, na shosho akinitazama bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kugombezwa. Weka chombo ndani ya mzinga, nyuma ya sega la mwisho. Kamwe usiweke nje, nyuki wa majirani na siafu watajua kabla wako hawajajua. Peleka jioni giza likiingia, nusu lita hivi, bila kumwaga hata tone. Mlango wa mzinga uzibe kwa kijiti ibaki nafasi ya nyuki wawili watatu, ili wale dhaifu waweze kujilinda. Siafu nao wazuie kwa kupaka grisi kwenye zile waya za kuning'inizia. Mimi grisi naipata bure kwa mafundi wa matrela hapo senta, faida pekee ya kuishi karibu na matrela.

Na usifungue mzinga kila siku ati unaangalia maendeleo. Joto linatoka, majana yanakufa. Fanya kama yule mzee, nyanyua upande mmoja usikie uzito. Baada ya wiki mbili mkono wako unajua.

Sasa hesabu. Mwaka 2023 sukari ilipopita shilingi 200 kwa kilo, kulisha mizinga mitatu lilikuwa pigo kwa mtu anayenunua unga wa robo. Ndiyo maana nakuambia sukari ni mkopo, tena mkopo wa riba. Asali uliyowaachia haikugharimu kitu, na ndani yake kuna vitu ambavyo sukari haina. Siku hizi nikivuna kwenye mzinga wa vijiti vya juu naacha masega kadhaa ya asali, yale ya karibu na majana, hata kama mteja amelipa na anapiga simu. Naomba msamaha kwa mteja. Sukari nainunua tu mzinga ukiwa mwepesi na nje kukiwa hakuna ua.

Kuna jamaa wa mjini aliyesikia habari hii akanijia na wazo. "Buda, kama wanakunywa sukari, si uwape mwaka mzima? Asali itajaa bila maua." Ni kweli, mzinga utajaa. Nyuki watabeba ile sukari, wataipunguza maji, wataifunika kwa nta vizuri kabisa, na kwa macho huwezi kutofautisha. Lakini hiyo si asali, ni sukari ya dukani iliyobebwa na nyuki. Na usidhani haijulikani. Miwa hutengeneza sukari kwa njia tofauti na mimea mingi yenye maua ya nyuki, na kaboni yake huacha alama ambayo maabara inaisoma. Hata bila maabara, mimi nauza kwa watu ninaokutana nao stejini. Nikiona maua yameanza natoa chombo, nangoja wiki kadhaa, na chochote walichohifadhi wakati wa kulishwa nawaachia wakimalize wenyewe.

Lile kundi la kofia moja lilifika Agosti. Nakumbuka ilikuwa asubuhi ya kwanza ya jua la maana, ukungu umeondoka mapema. Nilikuwa nimebeba chombo kama kawaida nikakuta pale mlangoni msongamano, wanaingia na miguu ya nyuma imejaa chavua ya manjano, wanasukumana kwenye kile kijitundu nilichowabakishia. Nikatoa kijiti. Sukari iliyobaki nikarudisha jikoni.

Shosho akaipima kwa mkono. "Hii si ilikuwa ya nyuki?"

"Wameshiba, shosho."

Akatia vijiko vitatu kwenye chai yake.