Mnyapara na Wenzake: Vyeo vya Misafara Vilivyobadili Sura

Msimamizi wa vibarua kwenye ujenzi wa nyumba huko Mandewa, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Singida, huitwa foromani, na akiitwa mnyapara anaweza kuudhika, kwa kuwa neno hilo siku hizi humpeleka msikilizaji moja kwa moja gerezani, ambako mnyapara ni mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake. Hata hivyo, katika karne ya 19 cheo hicho kilitamaniwa, na aliyekuwa nacho alikipata kwa kuaminiwa na watu wake.

Asili yake ni kwa Wanyamwezi, majirani wa Wanyaturu upande wa magharibi, ambao waliwaita wanyampara wazee waliomshauri mtemi na kusimamia mambo ya vijiji. Misafara ya pembe za ndovu ilipozidi kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, cheo hicho kiliingia safarini, kwani mamia ya vijana waliotembea kwa miezi miwili, mitatu au zaidi hawakuweza kuongozwa na mwenye mali peke yake, ambaye mara nyingi hakuijua lugha yao wala desturi zao. Mnyampara aligawa mizigo na posho, aliamua ugomvi wa kambini na, jambo ambalo leo limesahaulika kabisa, aliwasemea wapagazi mbele ya tajiri. Mpagazi, yaani mchukuzi wa kulipwa, alibeba kichwani au begani mzigo uliokaribia frasila mbili, sawa na kilo 30 na ushei, ukiwa pembe wakati wa kuteremka pwani na nguo, shanga au nyaya za shaba wakati wa kurudi bara. Miongoni mwa Wanyamwezi kazi hiyo haikuwa ya aibu hata kidogo, kwani kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Mbele ya wote alitembea kirangozi, mjuzi wa njia, akiwa na bendera na mavazi ya kuvutia macho, na aliyethubutu kumtangulia aliweza kutozwa faini.

Njia hiyo kuu ilipita Ugogo, nchi kame ambayo sehemu yake sasa imo katika Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, na humo watemi waliomiliki visima waliwatoza wasafiri ushuru ulioitwa hongo. Wasafiri waliulalamikia sana, lakini malipo hayo yalikuwa halali na yalifanywa mchana kweupe baada ya mapatano marefu, kwa hiyo ni ajabu kidogo kwamba jina la ushuru huo ndilo linalotumika sasa kwa rushwa inayotolewa kwa siri.

Kilichoiua kazi ya misafara ni reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na behewa moja likawa linabeba mzigo wa mamia ya watu. Upagazi ulirudi mara moja tu kwa wingi, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini safari hii wengi walishurutishwa, na waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu walikaribia 100,000 upande wa Waingereza pekee. Jina la kikosi chao, lililotamkwa kwa Kiswahili, ndilo lililobaki Kariakoo, Dar es Salaam.

Mnyapara hakufa na misafara, ila alibadilishiwa bwana. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro walihitajika watu wa kusimamia manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotambulika kwa namba walizopewa, ambao wengi wao walitoka mikoa ya kati na magharibi, wakiwamo Wanyaturu na Wanyiramba waliosukumwa na njaa na kodi. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwaajiri, iliyojulikana kama SILABU. Huko mnyapara hakuwasemea tena wenzake. Alilipwa na shamba kuhakikisha kwamba kila mmoja amekata kiwango alichopangiwa, na aliyeshindwa hakuandikiwa siku yake kwenye kipande, kadi iliyohesabu siku 30 za kazi kabla ya mshahara kutolewa. Hapo ndipo heshima ya jina ilipoharibika, wala gereza halikuhitaji kuongeza mengi, kwa kuwa lilimkuta mnyapara akiwa amekwisha kuwa mtu wa bwana.

Jambo la kushangaza ni kwamba jina la mpagazi, aliyekuwa chini kabisa katika msafara, halikuchafuka hivyo, pengine kwa sababu hakuwahi kupewa mamlaka juu ya mtu yeyote. Wapagazi wapo hadi leo katika Mlima Kilimanjaro, ambako mzigo wa mgeni anaopaswa kubeba mmoja wao umewekewa kikomo cha kilo 20 na hupimwa kwa mizani langoni, ingawa malalamiko kuhusu malipo na chakula bado yapo, na wanaoyapeleka kwa wenye kampuni ni vyama vya wapagazi wenyewe.