Wasichana Waliotangulia Kombe la Dunia

Katika vilima vya Gusii, ambako chai imepandwa hadi ukingoni mwa barabara na ambako kiwanda cha Itumbe hupokea majani yaliyochumwa na wakulima wa vijiji vingi, mtu akitaja mpira wa miguu huwa, aghalabu, ametaja Shabana. Na si ajabu, kwani klabu hiyo, iliyoasisiwa mjini Kisii mwaka 1980 kwa ufadhili wa duka la vifaa vya ujenzi lililoipa jina lake, imewazoesha Abagusii furaha na msiba kwa kadiri moja: ilimtoa mshambuliaji Henry Motego, ambaye jezi ya taifa ilimkaa vizuri mwilini, kisha ikashuka daraja, ikakaa nje ya Ligi Kuu miaka 17, na iliporejea mwaka 2023 Uwanja wa Gusii ulifurika watu walioimba "Tore Bobe", wito wa mashabiki wake, na miongoni mwao walikuwamo vijana ambao walikuwa hawajazaliwa siku ile iliposhuka.

Mapenzi makubwa namna hiyo yana kasoro yake, nayo ni kwamba humfanya mtu aangalie upande mmoja tu. Ndiyo maana mwezi wa Oktoba mwaka 2024, wakati timu ya kwanza ya mpira wa miguu kutoka Kenya ilipokanyaga uwanja wa Kombe la Dunia la FIFA, wako wengi katika masoko yetu waliokuwa hawana habari, na wengine walipoambiwa walidhani kwamba wanaambiwa habari za Harambee Stars, timu ya taifa ya wanaume. Hasha! Hawakuwa Harambee Stars, wala hawakuwa vijana wa kiume wa rika lolote. Walikuwa wasichana wasiozidi umri wa miaka 17, Junior Starlets kwa jina lao la uwanjani, chini ya mwalimu wao Mildred Cheche. Na wasichana hao walikuwa wamefika mahali ambapo baba zao na kaka zao, kwa miaka yote tangu taifa lipate uhuru, hawakuwahi kufika.

Ili msomaji apime uzito wa jambo hilo yafaa ajue jinsi mashindano ya vijana yalivyopangwa. Shirikisho la mpira la dunia lilianzisha Kombe la vijana wasiozidi miaka 20 mwaka 1977 nchini Tunisia. Likaongeza la wavulana wadogo zaidi mwaka 1985 nchini China, ambalo Nigeria ililitwaa mara ya kwanza tu lilipochezwa. Na la wasichana wa chini ya miaka 17 halikuanza ila mwaka 2008, nchini New Zealand. Milango, basi, ilikuwa wazi kwa muda mrefu. Tena haikuwa kwamba Kenya ilikosa wachezaji, maana miaka ile ile ambayo vijana wake walikuwa wakiishia katika raundi za mwanzo, watu wazima walitwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983, wakafika fainali ya Michezo ya Afrika mjini Nairobi mwaka 1987 na kufungwa na Misri bao 1 kwa bila, na mwaka huo huo Gor Mahia ikaleta nyumbani kombe la Afrika la klabu zilizoshinda vikombe vya nchi zao. Nchi yenye miguu ya namna hiyo haiwezi kudai kwamba watoto wake walizaliwa hawajui mpira.

Ila, kwa maoni yangu, ilichokosa ni subira. Timu ya vijana ya taifa, kwa miaka mingi, ilikuwa ikikusanywa siku chache kabla ya mechi na kutawanywa usiku wa kufungwa. Mashindano ya kufuzu yakiwa ya mtoano wa nyumbani na ugenini, mechi mbili zikiharibika mwalimu alirudi kwake, mtoto akarudi darasani, na mwaka uliofuata mambo yakaanza upya na watu wapya, kana kwamba yale ya jana hayakumfunza mtu yeyote kitu. Majirani zetu walijifunza mapema kidogo. Tanzania iliwapeleka wavulana wake, Serengeti Boys, katika fainali za Afrika nchini Gabon mwaka 2017, na wasichana wake, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India mwaka 2022 baada ya kuwafunga Ufaransa mabao 2 kwa 1. Uganda nayo ilicheza fainali ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 20 mwaka 2021 nchini Mauritania, ikashindwa na Ghana, na mwaka 2025 vijana wake wadogo waliingia Kombe la Dunia nchini Qatar na kuishinda Ufaransa bao 1 kwa bila. Katika jamii hiyo ya majirani Kenya ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa.

Tena, kana kwamba kukosa subira hakukutosha, wakubwa waliongeza fitina. Serikali ilipoivunja kamati ya shirikisho la mpira mwezi wa Novemba mwaka 2021, FIFA ilijibu kwa kuifungia nchi nzima mwezi wa Februari mwaka 2022, na adhabu hiyo haikuondolewa ila mwishoni mwa Novemba mwaka ule. Harambee Stars walitolewa katika safari ya kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika hata kabla ya kupiga teke la kwanza. Watu wazima huweza kungoja mwaka mmoja. Mchezaji wa miaka 30 aliyekosa mashindano haya aweza kucheza yale yajayo. Bali mtoto wa miaka 16 aliyefungiwa kwa ugomvi wa watu asiowajua hana mwaka ujao, kwa kuwa mwaka ujao umri wake utakuwa umekwisha pita. Sijaona hesabu yoyote rasmi ya vijana waliopotea kwa njia hiyo, wala sidhani kwamba kuna aliyejishughulisha kuifanya.

Ndipo ukaja mwaka 2024. Wasichana walikwenda Addis Ababa mwezi wa Mei, wakatoka sare tasa na Ethiopia, kisha wakawakaribisha Nairobi na kuwafunga mabao 3 kwa bila. Katika raundi ya mwisho walipangiwa Burundi, ambayo, kwa kukosa uwanja uliokubaliwa, ilichezea "nyumbani" kwake huko huko Addis Ababa. Kenya ikashinda mabao 3 kwa bila, na juma lililofuata, tarehe 16 Juni, ikaongeza mengine 2 katika uwanja wa Ulinzi, Lang'ata. Mabao 5 katika mechi mbili, na wavu wao haukuguswa. Kuna kichekesho ndani ya habari hiyo kinachostahili kukumbukwa: uwanja mkubwa wa Kasarani ulikuwa umefungwa kwa matengenezo, hata Harambee Stars wakalazimika mwezi ule ule wa Juni kwenda Malawi kucheza mechi zao za "nyumbani", ilhali wasichana waliingia kwa utulivu katika uwanja wa wanajeshi, uwanja usio na fahari yoyote, na humo wakaandika tarihi ambayo fahari ya Kasarani haikuwahi kuishuhudia.

Afrika ilipewa nafasi 3 mwaka ule, nazo zilichukuliwa na Nigeria, Zambia na Kenya. Mashindano yalikuwa katika Jamhuri ya Dominika, kisiwani, ng'ambo ya Atlantiki, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa saa saba, hivyo kwamba mtu wa Itumbe aliyetaka kutazama ilimpasa kukesha au kuamini simulizi ya asubuhi. Bahati ya kura haikuwa njema. Kundi lilikuwa na Uingereza, Korea Kaskazini na Mexico. Tarehe 17 Oktoba Uingereza iliwafunga mabao 2 kwa bila. Tarehe 20, siku ambayo sisi huku tulikuwa tukiadhimisha Mashujaa, Korea Kaskazini iliwafunga 3 kwa bila, na falau msomaji angeambiwa habari hiyo peke yake angedhani kwamba watoto walidhalilika, lakini hao hao Wakorea waliifunga Uingereza na Mexico vilevile, wakaenda hadi fainali, wakaishinda Hispania kwa penalti na kuondoka na kombe. Kufungwa na bingwa wa dunia si fedheha.

Ilibaki Mexico. Timu iliyokwisha kupoteza mechi mbili, isiyofunga bao hata moja, iliyo mbali na kwao, ina kila udhuru wa kucheza mechi ya tatu kwa miguu mizito. Na watu wazima wengi, wenye mishahara, tumewaona wakifanya hivyo bila haya. Wasichana hawa hawakufanya. Tarehe 23 Oktoba waliifunga Mexico mabao 2 kwa 1, wakapata bao la kwanza la Kenya katika Kombe la Dunia na ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe la Dunia siku moja. Hawakuvuka kundi. Walirejea na alama 3, ambazo kwa hesabu ya mashindano ni kidogo, na kwa hesabu ya nchi ambayo haikuwa na chochote katika daftari hilo ni nyingi mno.

Wavulana wa chini ya miaka 20, Rising Stars, nao walifuata, kwa njia yao wenyewe na kwa majaliwa yao wenyewe. Chini ya mwalimu Salim Babu walifika fainali ya CECAFA mjini Dar es Salaam mwezi wa Oktoba mwaka 2024, wakashindwa na Tanzania mabao 2 kwa 1, kama walivyoshindwa na Tanzania hiyo hiyo katika fainali ya mwaka 2019 kule Gulu. Lakini safari hii timu zote mbili zilizofika fainali zilikata tiketi ya Kombe la Afrika la rika hilo, na kwa Kenya ilikuwa mara ya kwanza. Huko Misri, mwaka 2025, walipangwa na Morocco, Tunisia na Nigeria. Walifungwa 3 kwa 2, wakafungwa 3 kwa 1, kisha wakatoka sare ya 2 kwa 2 na Nigeria. Alama moja, mabao 5 ya kufunga na 8 ya kufungwa: hapo msomaji aona mara moja kwamba ugonjwa haukuwa mbele langoni pa adui, ulikuwa nyuma kwao.

Liko jambo jingine ambalo katika mpira wa vijana haliepukiki, nalo ni umri. Mwaka 2005 vijana wa Tanzania, waliokwisha kufuzu kwa jasho lao, waliondolewa katika fainali za Afrika kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyezidi umri, na aibu ya mmoja ikawa hasara ya wote. Tangu mwaka 2009 FIFA huwapima wavulana wa Kombe la chini ya miaka 17 kwa kipimo cha MRI, ambacho hupiga picha kifundo cha mkono na kuonyesha kama mfupa umekwisha kuungana kabisa. Ukiwa umeungana, kijana huyo, kwa dhana iliyo karibu na yakini, ameipita miaka 17. Kwa wasichana kipimo hicho hakitegemewi, maana mifupa yao hukomaa mapema, hivyo shahidi wao ni karatasi: pasipoti, na nyuma ya pasipoti cheti cha kuzaliwa. Jambo hilo laweza kuonekana dogo kwa mtu wa mjini. Kwetu vijijini, ambako wako akina mama waliojifungulia nyumbani na kwenda kwa chifu kuandikisha mtoto akiwa tayari anakimbia, cheti kilichochelewa ama kilichokosewa mwaka chaweza kumfungia nje mchezaji asiye na hatia, kama vile cheti cha hila kiwezavyo kumwingiza mwenye hatia.

Na Gusii? Ukweli hauna budi kusemwa hata ukichoma. Majina ya shule yanayotajwa katika mpira wa wasichana wa Kenya ni Wiyeta, Butere, Nyakach na wenzao, shule za Trans Nzoia, za Magharibi na za ukanda wa ziwa. Sisi wenye uwanja mzuri mjini, uliokarabatiwa kwa ajili ya sherehe za Mashujaa za mwaka 2020, na wenye mashabiki ambao husafiri mpaka Nairobi kuifuata Shabana, bado hatujawa kitalu cha Junior Starlets. Wengine husema ni ardhi: nchi imejaa watu, mashamba ni madogo, na kipande cha tambarare kikipatikana hugombewa na chai, migomba na nyumba, hata uwanja wa shule ukawa na mteremko ambao timu moja hupanda na nyingine hushuka mpaka mapumziko. Sababu hiyo ni ya kweli, wala si kamili. Mvulana wa kijijini kwetu hukimbilia uwanja huo huo wenye mteremko saa kumi jioni bila kuulizwa na mtu, ilhali dada yake, saa hiyo hiyo, yuko mtoni na mtungi, au jikoni, au anamalizia kikapu cha majani kabla gari la kiwanda halijapita; na mwalimu anayetaka kumchagua kwa michezo ya shule ya muhula wa pili huona kwamba kipaji anacho, mazoezi hana.

Njia yenyewe, kwa anayeitaka, si siri: timu ya shule, kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa, na kwa washindi michezo ya shule za Afrika Mashariki, ambako walimu wa timu za taifa huja kutazama. Na milango imepanuliwa. Tangu mwaka 2025 Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 huchezwa kila mwaka badala ya kila baada ya miaka miwili, lina timu 24 badala ya 16, na Afrika ina nafasi 5. Morocco ndiyo mwenyeji wa mashindano yote hadi mwaka 2029. Katika fainali za mwaka 2025 Kenya haikuwamo miongoni mwa hizo tano, zilizokwenda kwa Morocco, Nigeria, Zambia, Cameroon na Côte d'Ivoire. Atakayeruhusiwa kucheza zile za mwaka 2029 ni msichana aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2012 au baada ya hapo. Wengi wao leo wamo katika madarasa ya juu ya shule za msingi na katika sekondari za chini, na ikiwa cheti cha mmoja wao hakijatolewa, ofisi ya chifu hufunguliwa asubuhi ya Jumatatu.