Polishi ya Gari ya Kutengenezwa Nyumbani: Mlinde Mtoto na Chupa ya Kuchanganyia

Mama uliye jikoni, nyanya uliyeachiwa wajukuu, na wewe dada unayelea watoto wa wenyewe, sogeeni karibu na redio. Leo nitazungumza juu ya kitu ambacho labda hamkutarajia kukisikia kutoka kwa muuguzi. Nitazungumza juu ya polishi ya gari.

Mnajua jinsi watu wa huku wanavyopenda gari ling'ae. Ukipita Maua utaona pikapu na Probox za kubeba miraa zikisuguliwa mpaka unaweza kujitazama kwenye mlango. Embu mjini, vijana wa bodaboda hupanguza tangi la pikipiki kuliko wanavyopanguza viatu vyao. Polishi ya dukani ina bei, na kijana mwenye mikono mizuri hapendi kununua kitu anachoweza kujitengenezea. Basi anajifunza kwa rafiki, au kwenye simu, na jioni anapika yake nyuma ya nyumba. Kwa wengi hii si biashara. Ni kitu cha kupitisha wakati, kama vile mwingine anavyofuga njiwa. Mimi sioni ubaya. Afadhali kijana anayechanganya nta kuliko anayeshinda kwenye pombe. Lakini anayeichanganya ni baba au kijana, na anayeifikia chupa ni mtoto wa miaka 2. Ndiyo sababu ninazungumza nanyi akina mama.

Kwanza tuelewe polishi hii ni nini. Msingi wake ni nta. Huku kwetu nta si shida kupatikana, kwa maana Mbeere na Tharaka ni nchi ya nyuki. Asali ikishakamuliwa masega hubaki, na wengi huyatupa tu. Ukiyachemsha kwa maji na kuyachuja kwa kitambaa, nta huelea juu na kuganda ikipoa. Wengine huongeza nta ngumu ya kununua inayoitwa karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaomea Brazili. Sababu yao ni nzuri: nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64, kwa hivyo gari likianikwa juani inalegea na kushika vumbi, lakini karnauba huvumilia mpaka kupita nyuzi 80. Asiye na hizo zote huyeyusha mishumaa.

Sasa, nta peke yake ni ngumu, haipakiki. Ili ilainike kama mafuta ya kujipaka, inachanganywa na kitu chepesi cha kuiyeyusha. Mara nyingi ni tapentaini kutoka duka la rangi, kipimo 1 cha nta kwa vipimo 2 au 3 vya tapentaini. Wengine hutia mafuta ya taa, na wasiojali hutia petroli. Ukipaka mchanganyiko huo kwenye gari, tapentaini hupaa hewani, nta inabaki kama ngozi nyembamba, kisha unasugua kwa kitambaa kikavu. Kwa hivyo nta yenyewe haina neno. Kinachotuletea watoto hospitalini ni hicho kiyeyushi, iwe ni tapentaini au mafuta ya taa, na kinawadhuru kwa njia mbili: mapafu na moto.

Nianze na mapafu, maana hapa ndipo tunapopoteza watoto kwa kukosa kujua.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Kijana amenunua tapentaini kidogo, akapimiwa kwenye chupa ya soda. Ametumia nusu, iliyobaki ameiweka chini ya meza au kwenye pembe ya stoo. Tapentaini haina rangi, ukiitazama ni kama maji. Mtoto ana kiu, na chupa ya soda anaijua tangu Krismasi. Anapiga funda moja tu, anakohoa, analia. Nyanya anasikia harufu, anapiga mayowe, majirani wanakuja. Mmoja anasema apewe maziwa. Mwingine anasema atiwe kidole kooni atapike sumu. Wote wana nia njema, na yote mawili ni hatari.

Sikilizeni vizuri sababu yake. Mafuta haya ni mepesi sana, mepesi kuliko maji, na yanateleza. Yakibaki tumboni, hayafiki mapafuni. Lakini mtoto anapotapika, yanapanda tena mpaka kooni, na kutoka kooni yanateleza kwenye njia ya hewa. Kiasi kidogo tu, hata robo ya kijiko cha chai, kikiingia mapafuni kinatosha kuyachoma na kuleta nimonia mbaya. Kwa hivyo kila mara unapomtapisha mtoto, unayapa mafuta nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Na maziwa hayaui sumu hii. Yanajaza tumbo tu, na tumbo likijaa mtoto anatapika. Vivyo hivyo maji ya chumvi, mayai mabichi na mafuta ya kupikia.

Basi ufanye nini? Mwondolee chupa. Mpanguze mdomo. Kama mafuta yamemwagikia nguo, mvue, umwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kwa sababu yanachubua. Mkalishe wima au umbebe akiwa wima. Akitapika mwenyewe, mwinamishe mbele au umlaze kwa ubavu ili matapishi yatoke nje. Usimpe kitu chochote mdomoni. Chukua ile chupa, iende pamoja naye, ili tuone alikunywa nini na kiasi gani. Halafu tafuta bodaboda au gari, uende kituo cha afya kilicho karibu, hata kama mtoto ameanza kucheza.

Hilo la kucheza ndilo linalodanganya wengi. Mtoto anakohoa dakika 5, anatulia, mama anashukuru Mungu na kurudi shambani. Jioni homa inapanda na pumzi inakwenda mbio. Ndiyo sababu hospitalini tunamchunguza kwa angalau saa 6 kabla ya kumruhusu aende nyumbani. Msishangae mkikuta hatumpi dawa ya kutapisha wala hatumwoshi tumbo kwa mpira. Kuna wazazi wanaokasirika wakisema hatujafanya lolote. Tunaangalia pumzi yake, na akihitaji oksijeni tunampa. Zahanati ndogo huenda isiwe na oksijeni, nao watamtuma mbele, kwa mfano Embu Level 5, Chogoria, Nkubu au hospitali ya rufaa ya Meru. Mkiambiwa mwende, mwende saa hiyo hiyo.

Mama anaweza kuhesabu pumzi mwenyewe akiwa njiani. Inua nguo ya mtoto, tazama tumbo likipanda na kushuka, hesabu kwa dakika 1 nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40 au zaidi, huyo anapumua kwa kasi. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa, au midomo inageuka rangi, au anasinzia bila kuamka vizuri, usisimame kusalimia mtu barabarani.

Nimesema njia ya pili ni moto. Mnakumbuka tapentaini hupaa hewani ndipo nta ikauke. Mvuke huo hauonekani, na ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi wa kuni. Unashuka, unatambaa sakafuni mpaka unapokutana na jiko, halafu moto unarudi nyuma kwa mkupuo hadi kwenye sufuria. Mtu anaweza kuwa hatua kadhaa kutoka kwenye jiko na bado akashikwa. Na nani yuko karibu na sakafu? Ni mtoto anayetambaa. Petroli ni mbaya zaidi, maana hutoa mvuke hata kukiwa na baridi. Isitumike kabisa, hata tone. Na mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Mlima Kenya inapotufanya tufunge madirisha na kuingiza jiko la makaa ndani, kazi hii isifanyiwe nyumbani hata kidogo.

Kama kijana wako hataki kuacha, na sisemi aache, mwambie afanye hivi. Nta iyeyushwe ndani ya kopo lililosimamishwa kwenye sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, kwa sababu maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100 na nta haitaungua. Ikishayeyuka, kopo litolewe, lipelekwe nje mbali na jiko, sigara na taa ya kibatari, na hapo ndipo tapentaini imiminwe polepole huku akikoroga kwa kijiti. Ikianza kuganda kabla haijachanganyika, arudishe kopo kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, asilirudishe jikoni. Afanye kazi hiyo watoto wakiwa shuleni au wamelala. Mama mjamzito asiinamie mchanganyiko ule. Harufu ile inaumiza kichwa na kuchafua roho hata kwa mtu mzima.

Nta ikishika moto kwenye chombo, usimwage maji. Maji yakigusa nta inayowaka yanageuka mvuke ghafla na kurusha moto juu mpaka usoni. Funika kwa mfuniko au sufuria nyingine, zima jiko, usiguse mpaka ipoe. Usijaribu kubeba chombo kinachowaka kukipeleka nje. Nguo za mtu zikishika moto, asikimbie. Alale chini ajiviringishe, au umfunike kwa blanketi zito.

Aliyeungua, awe ni kwa moto au kwa nta ya moto, atiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyofikiri, tazama saa. Maji haya yanasaidia hata kama saa 2 zimepita tangu aungue. Usitie barafu. Nta iliyoganda kwenye ngozi usiibandue, itatoka na ngozi. Ipoze tu uje nayo. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Na nawasihi akina nyanya: tusipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Tunalazimika kuvikwangua vyote hospitalini, na mtoto anaumia mara ya pili. Funika kwa leso safi, mlete.

Kuhusu kuweka: tangu ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa mwaka 2018, nyumba nyingi zimehamia gesi, na chupa ya mafuta imetoka jikoni. Lakini katika ziara zangu nyumbani kwa watu naikuta stoo, imejaa tapentaini au masalio ya polishi, na kifuniko cha karatasi. Mwombe mwenyewe atumie chombo ilimouzwa, chenye jina na kifuniko cha kuzungusha, akiweke juu na kwa kufuli. Akikosa, aandike jina kwa kalamu nzito, ila aelewe kwamba mtoto wa miaka 2 hasomi. Chupa ya soda isiwekwe kitu chochote ila kinywaji. Masalio yasimwagwe mtoni. Rupingazi na Kathita zina watu wanaoteka maji huko chini.

Kuna swali ninaloulizwa sana, hasa upande wa Mbeere: mtoto akila nta je? Kama ni nta ya nyuki ambayo haijachanganywa na kitu, itapita tumboni na kutoka kama ilivyo. Watoto wetu hutafuna masega kila msimu wa asali. Hofu ni kusakamwa tu, kwa hivyo asipewe kipande kikubwa, na mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe masega yenye asali. Lakini ikiwa ni polishi iliyokwisha kutiwa tapentaini, mchukulie kama aliyekunywa kwenye chupa: usimtapishe, usimpe maziwa, mlete.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya chanjo ya surua.