Injini za Kwanza na Joto la Pwani

Katika miaka ya 1930 ndege za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, zilitua Tanga zikipeleka abiria na barua. Safari hizo zilitanguliwa na mapambano makali kati ya injini na joto la pwani.

Injini hugeuza sehemu tu ya joto la petroli kuwa mwendo. Joto linalobaki lisipoondolewa, pistoni hukwama. Mwishoni mwa 1914 Waingereza waliitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, katika delta ya Rufiji kwa ndege ya Curtiss, ambayo injini yake ilipozwa kwa maji. Rejeta yake ilipoharibika, ililetwa ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa.

Mwaka 1915 zikaja ndege za Sopwith zenye injini ya Gnome. Ndani yake mhimili ulitulia, nazo silinda 9 zilizunguka pamoja na rafadha, zikipozwa na upepo na kulainishwa kwa mafuta ya mbarika. Hata hivyo, ndege hizo zilishindwa kupaa na mabomu. Hewa ya joto ni nyepesi: huipa injini oksijeni kidogo, na mabawa huinuliwa kwa shida.

Injini ya Gipsy Major, iliyotumiwa na Wilson Airways katika ndege za Dragon, ilikuwa na silinda 4 zisizozunguka, zenye mapezi ya kupozea, na nguvu za farasi 130. Joto la pwani lilibaki lilelile. Mwanadamu ndiye aliyejifunza kuuongoza upepo.