Mbwa wa Kisoko: Bima au Sindano?

Ukitaka kumkatia mbwa wako bima hapa Kisoko, wilayani Tororo nchini Uganda, anza kwa kutazama kinachoua mbwa wetu. Kupe huwatia ugonjwa wa damu. Parvo humaliza watoto wa mbwa kwa kuharisha damu. Mbung'o huleta nagana: macho huingia ukungu, mnyama hukonda mpaka afe. Tororo inaifahamu nagana vizuri, maana hapa ndipo ilipokuwa taasisi ya Afrika Mashariki ya kuchunguza malale na nagana. Na kinachotisha kuliko vyote ni kichaa cha mbwa.

Sasa zitazame bima za mbwa na paka kule zilikozoeleka. Uswidi mbwa alianza kukatiwa bima mwaka 1924. Marekani walianza 1982, na aliyetangulia alikuwa Lassie, mbwa wa televisheni. Kwa kawaida bima hizi hulipia ajali, kama mnyama kugongwa na gari au kuvunjika mguu, pamoja na upasuaji na ugonjwa wa ghafla. Hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya kutia sahihi, wala unaozuka katika siku za kungojea, ambazo mara nyingi ni 14. Chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na kuhasi kwa kawaida ni juu yako. Kuna kifungu kingine cha kusoma mara mbili: ugonjwa wenye chanjo ukimpata mnyama asiyechanjwa, hulipwi. Kwa hiyo hata mwenye bima hakwepi kununua chanjo.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme ada ya mwaka ni shilingi 120,000, katika kila dai unajibebea 50,000 za kwanza, na kampuni inalipa asilimia 80 ya kinachobaki. Mbwa akitibiwa kwa 150,000, kampuni itakupa 80,000. Wewe utakuwa umetoa ada 120,000 na nyongeza ya 70,000, jumla 190,000. Umepita bili yenyewe! Bima ya namna hiyo humfaa mwenye kuogopa upasuaji wa mamilioni, si mwenye mbwa wa kulinda boma.

Msaada wa serikali ya Uganda kwa bima ya kilimo ulianza mwaka wa fedha 2016/17 kwa kumlipia mkulima mdogo nusu ya ada. Ni kwa mazao na mifugo. Mbwa na paka hawamo.

Ushauri wangu ni huu: pesa ya ada iweke kando. Mchanje mbwa dhidi ya kichaa akifika miezi mitatu, na paka pia, kisha urudie kila mwaka. Mbwa mmoja ni sindano moja kwa mwaka. Mtu aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, kama hajawahi kuchanjwa, huhitaji sindano nne au tano, na kila tarehe ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Na bima ya mbwa haimlipii mwenye mbwa matibabu yake mwenyewe aking'atwa.

Uking'atwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.